Chama Kisicho na Daftari

Ukilitamka neno "chama" mjini Sericho, mashariki mwa Kaunti ya Isiolo, karibu na kinamasi cha Lorian ambako maji ya Mto Ewaso Ng'iro huishia, msikilizaji wako hatafikiria kwanza ODM, Jubilee wala UDA. Atafikiria akina mama wanaokutana kila mwezi, wakachanga, wakaandikiana katika daftari, kisha wakamkabidhi mmoja wao fedha zilizopatikana ili anunue mbuzi au alipe karo. Shangazi yangu ni mtunza hazina wa kikundi kimoja cha aina hiyo. Mapema mwaka 2022, majira ya kampeni yalipokaribia, kijana mmoja alifika nyumbani kwake na fomu za chama fulani cha siasa. Aliomba kuliazima daftari la kikundi ili anakili majina na nambari za vitambulisho.

"Mama, ni kuandika tu. Hamtatoa kitu," alisema.

Shangazi alimuuliza: katika chama chenu mnachanga kiasi gani kwa mwezi, na asiyechanga mnamfanya nini? Kijana akacheka. Shangazi akalifunga daftari, akamkaribisha chai.

Kisa hicho hunijia akilini kila ninapowasikia wachambuzi wa siasa wakieleza kwa nini vyama vikubwa vya kitaifa hukikosa kiti cha ugavana wa Isiolo. Jibu lao huwa jepesi: watu wa huko hupiga kura kwa ukoo, basi. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba jibu hilo limegeuza mambo kichwa chini. Chama cha siasa hushindwa Isiolo kwa sababu hakijawahi kuwa chama kwa maana ambayo shangazi yangu angeikubali. Na anayeumia kwa hilo si chama chenyewe, bali ni mpiga kura.

Hebu tuitazame rekodi. Tangu Katiba ya 2010 ilipoleta serikali za kaunti, Isiolo imemchagua gavana mara tatu. Mwaka 2013 alishinda Godana Doyo kwa tikiti ya URP. Mwaka 2017 alishinda Dkt. Mohamed Kuti, aliyekuwa seneta, akiwa mgombea huru asiye na chama chochote. Ni yeye na Ndiritu Muriithi wa Laikipia pekee waliopata ugavana kwa njia hiyo mwaka huo nchini kote. Mwaka 2022 alishinda Abdi Ibrahim Hassan Guyo kwa tikiti ya Jubilee, baada ya kuwa mwakilishi wadi na kiongozi wa wengi katika Bunge la Kaunti ya Nairobi. Chaguzi tatu, magavana watatu, na hakuna chama kilichokipata kiti hicho mara mbili. ODM, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa nchini, hakijakishika hata mara moja. Wala haiwezekani kusema kwamba kaskazini kote kunakichukia, kwa maana mwaka 2013 ODM kilipata ugavana wa Marsabit na wa Wajir, majirani wa Isiolo.

La ajabu zaidi ni la Jubilee. Agosti 2017 chama hicho kilikuwa na Rais, kilikuwa na fedha na helikopta, na rangi yake nyekundu ilitanda kila mahali. Isiolo kikakosa ugavana, na viti vyote viwili vya ubunge, cha Kaskazini na cha Kusini, vikaenda kwa chama kidogo cha KPP. Miaka mitano baadaye Jubilee kilikuwa kimemeguka, wafuasi wake wengi wamehamia UDA, na katika ngome zake za zamani kiligaragazwa. Ni wakati huo hasa ndipo kilipotwaa Isiolo: ugavana, useneta, uwakilishi wa wanawake na ubunge wote. Kama nguvu ya chama ingekuwa ndiyo inayoamua, mambo yangekuwa kinyume. Chama kilipokuwa na nguvu kilishindwa, na kilipokuwa mahututi kilishinda. Jibu ni lazima litafutwe mahali pengine.

Mahali hapo ni mkeka wa wazee. Kila mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita kwa siku moja: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Katika kaunti yenye Waborana, Wasakuye, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali, karatasi hizo sita ni kama fungu la nyama linalopaswa kugawanywa kabla ya kuinjikwa. Gavana akitoka upande huu, naibu wake atoke upande ule, na seneta upande wa tatu. Idadi ya watu ni ndogo mno kuacha jambo hili kwa bahati. Mwaka 2022 wapiga kura waliosajiliwa Isiolo hawakufika 90,000. Ni Lamu tu iliyokuwa na wachache zaidi. Tena mshindi hahitaji kupata zaidi ya nusu ya kura. Ibara ya 180 ya Katiba inasema anayepata kura nyingi kuwashinda wenzake ndiye gavana. Katika hali hiyo ukoo uliokubaliana ukasimama pamoja hauhitaji chama. Unahitaji jina moja, na alama yoyote ya kulichapisha kando ya jina hilo.

Sasa twende kwenye hoja ya ukabila. Msomaji ambaye hajafika Waso anaweza kudhani kwamba ukoo ni hisia tu za damu, jambo la kale ambalo elimu itaifuta. Sivyo. Waborana wana utaratibu unaoitwa busa gonofa, ambapo mtu aliyepoteza mifugo kwa ukame, maradhi au uvamizi huchangiwa na watu wa ukoo wake ili aanze upya. Wana pia dedha, yaani eneo la malisho lenye wazee wanaoamua ni lini malisho ya kiangazi yafunguliwe na yapi yaachwe kuwa akiba. Mifumo hii imedhoofika, wala sidai kwamba huwatendea watu wote haki. Lakini ina michango, ina vikao, na ina adhabu kwa anayeikiuka. Ukiipima kwa kipimo cha daftari, ukoo ndio chama, na chama cha siasa ni wapita njia.

Fikirini uchaguzi wa Agosti 2022. Ulifanyika wakati mvua zilikuwa zimekosekana kwa misimu minne mfululizo. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara. Katika majira hayo mtu wa Sericho aliyebakiwa na mbuzi wachache alijua vizuri ni nani angemgawia mmoja na ni nani angempa fulana. Kumwita mtu huyo mkabila kwa kuwa amemsikiliza aliyemgawia mbuzi ni dharau, tena dharau inayotoka kwa watu ambao wao wenyewe wana bima ya afya na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ipo sababu nyingine, ya kihistoria, ambayo vijana wenzangu wengi hawaijui. Kwa watu wa pande hizi, chama na serikali vilianza kwa kishindo. Kabla ya uhuru wengi wa kaskazini waliunga mkono kujitenga na Kenya, na uchaguzi wa Mei 1963 ulisusiwa katika sehemu kubwa ya eneo hilo. Juni mwaka huo Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, pamoja na Chifu Haji Galma Dida, ambao walikuwa wakiwashawishi watu wabaki Kenya, waliuawa upande wa Modogashe, si mbali na Sericho. (Wanaopita Mtaa wa Wabera jijini Nairobi kila siku, ni wangapi wanajua unaitwa kwa jina la nani?) Desemba ikatangazwa hali ya hatari. Vita vya shifta vilipokwisha mwaka 1967, watu walikuwa wamekusanywa katika vijiji vya ulinzi na mifugo yao imeangamia. Kanuni za hali ya hatari zilizohusu Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani, Isiolo ikiwemo, zilidumu hadi Novemba 1991. Mwezi uliofuata, Desemba 1991, ndipo mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa nchini.

Tarehe hizo mbili zinafuatana kwa majuma machache tu. Kwa miaka mingi chama kilikuwa kimoja, na mwenye chama alikuwa ndiye mwenye bunduki. Kadi ya KANU haikuwa ishara ya itikadi; ilikuwa kinga. Mtu aliyezoea kubeba kadi ili asisumbuliwe hawezi kugeuka mara moja akaiona kuwa hati ya umiliki. Wazee wetu walijifunza kukitendea chama kama wanavyomtendea mgeni mwenye nguvu: wakipe maziwa, wakisikilize, wakisubiri kiondoke. Na kweli, huondoka. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vyama vyetu havijawahi kulala Sericho siku ya tatu.

Lakini lawama zote zisirushwe kwa historia. Sheria iliyopo pia imechangia. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakitaka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Nia yake ni njema, yaani kuzuia vyama vya kabila moja. Matokeo yake ni uwindaji wa majina. Mwezi Juni 2021 wananchi walipopewa nafasi ya kuangalia uanachama wao mtandaoni, Wakenya wengi walishtuka kujikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kuviomba. Hilo ndilo daftari la vyama vyetu: lina majina ya watu wasiojua kuwa wamo. Kijana aliyekuja kwa shangazi alikuwa anafanya kazi aliyotumwa.

Isitoshe, Katiba inasema kwamba mbunge, seneta au mwakilishi wadi aliyechaguliwa kwa tikiti ya chama akikihama hupoteza kiti. Gavana hamo katika sharti hilo. Ibara ya 182, inayotaja mambo yanayokiacha kiti cha gavana wazi, haisemi lolote juu ya kuhama chama. Maana yake ni kwamba mwenye kusimamia mabilioni ya shilingi za kaunti ndiye asiyefungwa na chama chake, ilhali mwakilishi wa wadi ya Sericho amefungwa. Mgombea ugavana anayejua hayo ataona chama kuwa gari la kukodi: hulipa, hupanda, hufika, hushuka.

Hapa naomba wapenzi wa lugha waniruhusu kupumzika kidogo kwenye maneno. Waandishi wetu wa habari husema mgombea "amepewa tikiti", "ameabiri" chama, chama "kimebeba" eneo, wanasiasa "wamehama". Yote ni maneno ya safari, na kwa kweli hakuna istiara iliyosadifu hali kuliko hii. Lakini "kuhama" si neno la mchezo kwa mfugaji. Mfugaji hahami kwa kuwa amechoka. Huhama baada ya kutuma mtu atazame malisho, baada ya kuomba ruhusa kwa wenye kisima, na hujua atarudi lini. Wanasiasa wetu wamelichukua neno lenye taratibu nyingi hivi wakalipa maana ya kukimbia. Sijui kama kamusi zetu zitakuja kutenga maana hizo mbili. Wahadhiri wetu wa leksikografia watatuambia.

Nimesema anayeumia ni mpiga kura. Mfano ni huu. Tuchukulie mkazi wa Sericho aliyeipigia kura URP mwaka 2013, akaahidiwa maji na barabara, na kufikia 2017 hakuridhika. Angefanya nini? Kuiadhibu URP? URP haikuwapo. Septemba 2016 ilivunjwa na kumezwa na Jubilee pamoja na vyama vingine. Kilichoshinda hakikuishi hadi siku ya kuulizwa. Basi akamwadhibu mtu, akamchagua mgombea huru. Ilipofika 2022, Dkt. Kuti hakugombea tena, wala hakuwa na chama kilichobaki nyuma cha kujibu kwa niaba yake. Kila baada ya miaka mitano deni linabaki na mdaiwa hayupo. Katika kikundi cha shangazi, mwenyekiti akiondoka daftari hubaki, na wa baada yake hulirithi pamoja na madeni yaliyomo.

Wapo watakaonijibu kwamba basi tuviache vyama, maana mkeka wa wazee unatosha. Kwamba makubaliano yao yameepusha umwagaji wa damu mahali ambapo vyama vingeuchochea. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Mtu aliyeona mapigano ya kugombea malisho au mvutano wa mpaka wa Modogashe kati ya Isiolo na Garissa hawezi kudharau amani inayopatikana kwa mazungumzo. Lakini nani hukaa kwenye mkeka huo? Huketi wanaume, tena wenye umri. Msichana wa Sericho aliyemaliza chuo kikuu hana nafasi hapo, hata kama shahada yake ni ya sheria. Msakuye au Mturkana huingia akiwa wa kuongezewa, si wa kuanzia. Tena wadi za Isiolo Kusini ni tatu tu, Garbatulla, Kinna na Sericho, wakati Isiolo Kaskazini ina saba. Hata mwanamume mzee wa Sericho hufika kwenye mkeka akiwa na kura chache mfukoni.

Kwa watu wa namna hiyo chama kingekuwa mlango wa pili. Tazameni safari ya Seneta Fatuma Dullo. Mwaka 2013 aliingia Seneti kwa uteuzi wa chama, kupitia orodha ya viti maalumu. Mwaka 2017 akasimama Isiolo kwa tikiti ya Jubilee na kushinda, akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza nchini kuchaguliwa moja kwa moja kuwa maseneta, pamoja na Margaret Kamar na Susan Kihika. Mwaka 2022 akashinda tena. Sidai kwamba chama peke yake kilimfikisha. Juhudi zake na hesabu za koo zilikuwamo. Ninachosema ni kwamba mguu wake wa kwanza ulikanyaga ngazi iliyowekwa na sheria ya vyama, ngazi ambayo mkeka haukuwa nayo. Tukivicheka vyama hadi vife kabisa, ngazi hiyo nayo itaondoka.

Kwa hiyo chama kinachotaka ugavana wa Isiolo kifanye nini? Sitatoa maagizo marefu, kwa kuwa mambo yenyewe si ya siri. Kiwe na tawi Sericho mwaka ambao hakuna uchaguzi. Tawi hilo lisiwe bango lililogongomewa kwenye duka la mtu. Liwe na mwenyekiti anayejulikana, lenye kikao, lenye ada hata kama ni shilingi ishirini, maana mtu hukidai kile alichokichangia. Mchujo wa wagombea ufanywe hapo hapo wadini, matokeo yasiletwe kutoka hotelini Nairobi. Fedha za umma ambazo vyama hupewa kutoka Mfuko wa Vyama vya Siasa zionekane Modogashe na Iresaboru, si makao makuu pekee. Na gavana wa chama anapokosea, mwenyekiti wa tawi awe wa kwanza kusimama barazani aeleze. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na nina mashaka kama kuna chama kilicho tayari kulifanya.

Uchaguzi mwingine umepangwa kufanyika Agosti 2027. UDA, ambacho kimekuwa na Rais tangu 2022, kitakuja na kila kitu ambacho Jubilee kilikuwa nacho mwaka 2017. Kikidhani vitu hivyo vinatosha, kitajifunza kile ambacho mtangulizi wake alijifunza. ODM nacho kitakuja, na vile vidogo ambavyo majina yake bado hatuyajui. Wanafunzi wengi tunaotoka huko hualikwa msimu huo kuwa wakalimani wa mikutano ya hadhara, tukigeuza hotuba za Kiswahili cha Nairobi kuwa Kiborana kwa malipo ya siku. Nimewahi kuifanya kazi hiyo, na sikuwahi kukisoma chama chenyewe kilisimamia nini. Nilitafsiri "ilani" kwa neno lililomaanisha ahadi, na hakuna aliyenisahihisha.

Safari hii, atakayenipigia simu kuniita jukwaani nitamwomba kwanza jina la mwenyekiti wa tawi lao la Sericho na siku wanayokutana. Shangazi ameniambia nimuulize pia habari ya daftari.